Michael Palin: Mchekeshaji Mwingereza aliyevuka ziwa letu, na swali analowaachia wasanii wa Kalemie

KALEMIE – Mwaka 1991, meli ya zamani MV Liemba iliondoka bandari ya Kigoma kuelekea Mpulungu, nchini Zambia, ikiwa imebeba abiria wake wa kila siku: wachuuzi, akina mama na watoto wao, magunia na vikapu. Safari hiyo ilikuwa pia na Mzungu mmoja wa miaka 48, akifuatwa na kamera za televisheni ya Uingereza, BBC. Jina lake ni Michael Palin. Kwao Uingereza, watu walikuwa wamemcheka kwa zaidi ya miaka 20.

Palin alikuwa akitengeneza kipindi cha safari kiitwacho Pole to Pole, kutoka Ncha ya Kaskazini ya dunia hadi Ncha ya Kusini, akifuata kadiri alivyoweza mstari wa digrii 30 mashariki. Mstari huo unapita karibu sana nasi. Kalemie yenyewe iko kwenye digrii 29 na kitu. Lakini kamera zilikaa upande wa Tanzania. Milima ya upande wetu ilibaki mbali, ng'ambo ya maji.

Leo, katika mitaa ya Kalemie, kijana mwenye telefone nzuri anaweza kutengeneza kichekesho asubuhi na jioni kikaonwa Lubumbashi, Bukavu, hata Brussels. Ndiyo maana maisha ya Palin kwenye skrini yanatuhusu. Ni hadithi ya mtu aliyechekesha, aliyeandika mwenyewe maneno ya kuchekesha, na ambaye pamoja na wenzake alipigana ili kazi ile isinyang'anywe wala kukatwakatwa na watu wengine.

Mtoto wa Sheffield

Michael Palin alizaliwa tarehe 5 Mei 1943 huko Sheffield, mji wa viwanda vya chuma kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa injinia, na alikuwa na kigugumizi kikali. Tutarudi kwenye jambo hilo, maana lina nafasi yake katika kazi ya mwanawe.

Kijana Palin alisomea historia katika Chuo Kikuu cha Oxford. Huko alikutana na Terry Jones, na wawili hao wakaanza kuandika vichekesho pamoja. Ushirika wao ulidumu miaka mingi. Katika miaka ya 1960 waliuza maandishi yao kwa vipindi vya wengine, kikiwemo The Frost Report cha BBC. Walikuwa waandishi kwanza, ndipo wakawa waigizaji wa kujulikana.

Mwanzoni mwa 1969 walitengeneza kipindi kilichoitwa The Complete and Utter History of Britain, kilichocheza na historia ya Uingereza kana kwamba televisheni ilikuwepo tangu zamani. Sehemu kubwa ya kipindi hicho ilipotea. Siku zile kanda za video zilikuwa ghali, na televisheni za Uingereza zilikuwa na tabia ya kuzifuta ili kurekodi vitu vingine juu yake. Kazi ya miezi ilifutwa kama ubao wa darasa.

Watu sita na kasuku mmoja

Tarehe 5 Oktoba 1969, BBC ilionyesha kwa mara ya kwanza Monty Python's Flying Circus. Kikundi kilikuwa na watu sita: Palin, Terry Jones, John Cleese, Graham Chapman, Eric Idle, na Mmarekani Terry Gilliam aliyechora katuni. Hadi 1974 walitoa vipindi 45.

Namna yao ilikuwa mpya. Kichekesho hakikuhitaji kumalizika. Kiliweza kukatika katikati na kuingia kingine. Jambo la kipuuzi lilisemwa kwa sauti ya mheshimiwa, na jambo la heshima likageuzwa upuuzi. Walicheka maofisa wa serikali, majenerali, wasomi, hata watangazaji wa BBC yenyewe iliyokuwa ikiwalipa.

Kichekesho kinachojulikana kuliko vyote ni kile cha kasuku. Mteja, aliyechezwa na Cleese, anarudi dukani na kasuku aliyemnunua muda mfupi uliopita. Kasuku amekufa. Muuzaji, aliyechezwa na Palin, anakataa katakata. Anasema ndege amepumzika tu. Mteja anamgonga kasuku juu ya meza, muuzaji bado anabisha. Palin ameeleza kwamba wazo hilo lilitokana na fundi wa gari ambaye hakukubali hata siku moja kwamba gari lina kasoro. Kila aliyenunua telefone sokoni, akaenda nayo nyumbani ikazima, kisha akarudi kwa muuzaji, anamjua mtu huyo. Hapo ndipo nguvu ya Palin ilipo: alicheza watu wadogo wanaojitetea kwa uso mtulivu, nao uongo ukizidi kuwa mkubwa.

Dakika 24 zilizokatwa

Jambo ambalo wasanii wetu wangepaswa kulijua zaidi kuliko kasuku lilitokea Marekani. Mwezi wa Oktoba 1975, televisheni ya ABC ya huko ilichukua vipindi vitatu vya Python, ikaviunganisha kuwa kipindi kimoja cha dakika 90 pamoja na matangazo ya biashara. Ili matangazo yapate nafasi, na ili maneno yaliyoonekana makali yaondolewe, dakika 24 zilikatwa. Vichekesho vilibaki bila kichwa wala miguu, lakini jina la Monty Python lilibaki pale pale.

Kikundi kilikwenda mahakamani. Mwezi wa Desemba mwaka huo, Palin na Gilliam walisafiri hadi New York kutoa ushahidi mbele ya jaji, kuzuia kipindi cha pili kilichokatwa vile vile kisionyeshwe. Jaji wa kwanza alikubali kwamba kazi yao imeharibiwa, lakini hakuzuia kipindi. Mwaka 1976 mahakama ya rufaa ikawapa haki.

Waliwezaje kushinda kampuni kubwa hivyo? Kwa karatasi. Mkataba wao na BBC ulisema kwamba maandishi ni mali ya waandishi, na haukuipa BBC ruhusa ya kubadilisha kipindi baada ya kurekodiwa. BBC haikuweza kuwauzia Wamarekani kitu ambacho haikuwa nacho. Mwishowe haki za vipindi hivyo ziliingia mikononi mwa kikundi chenyewe, nacho kimeendelea kula matunda yake kwa miaka mingi.

Karatasi hiyo hiyo inaweza kumgeukia msanii. Mwaka 2013, mtayarishaji wa filamu yao ya kwanza ya hadithi, Monty Python and the Holy Grail ya 1975, aliwashtaki mjini London kuhusu mgao wa faida za mchezo wa muziki uliotokana na filamu hiyo. Alishinda. Deni la kesi lilikuwa moja ya sababu zilizowafanya wazee hao watano waliobaki kurudi jukwaani mwezi wa Julai 2014, London, kwa maonyesho kumi. Mapatano ya miaka ya 1970 yalikuja kuwalipisha wakiwa na miaka 70.

Kutoka Python hadi sinema

Palin hakubaki ndani ya kikundi tu. Kati ya 1976 na 1979, yeye na Jones waliandika Ripping Yarns, mfululizo uliocheka hadithi za Waingereza wa zamani: mashujaa wa vita, wapelelezi wa misitu, wavulana wa shule za bweni.

Mwaka 1979 ilitoka filamu ya Python iliyozua vita, Life of Brian, juu ya mtu anayezaliwa siku moja na Yesu na ambaye watu wanamfuata kwa makosa. Kampuni iliyoahidi pesa ilijitoa, na George Harrison, mwanamuziki wa Beatles, akaweka nyumba yake rehani ili filamu itengenezwe. Ilipotoka, baadhi ya miji ya Uingereza iliizuia, na Ireland na Norway zikaipiga marufuku. Wakristo wengi waliona ni matusi. Watengenezaji walijibu kwamba hawakumcheka Yesu, bali watu wanaofuata bila kufikiri. Katika mjadala wa televisheni wa Novemba 1979, mbele ya mwandishi Malcolm Muggeridge na askofu wa Southwark, Palin, ambaye kwa kawaida ni mpole, alionekana wazi kukasirika. Msomaji wa Kalemie anaweza kuwa upande wowote katika ugomvi huo, lakini atakubali kwamba mchekeshaji aligusa mahali panapouma na hakukimbia kujieleza.

Mwaka 1982 aliandika na kucheza mwenyewe The Missionary, juu ya padri wa Kianglikana anayerudi London mwaka 1906 baada ya miaka kumi Afrika. Padri huyo anajua kuhubiri mbali, lakini anashindwa kuelewa watu wa mji wake mwenyewe. Kwetu sisi, jirani wa Mpala ambako Mapadri Weupe walikabidhiwa kituo mwaka 1885, hadithi hiyo inachekesha kwa namna nyingine: kwa mara moja, ni mmisionari ndiye anayechunguzwa.

Halafu ikaja A Fish Called Wanda, ya 1988. Palin alicheza Ken, mhalifu mpenda wanyama mwenye kigugumizi. Ilimpa tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora wa nafasi ya pili. Watu wengine walilalamika kwamba filamu inawacheka wenye kigugumizi. Palin alikuwa amejifunza kigugumizi nyumbani, akimsikiliza baba yake kila siku akihangaika na maneno. Mwaka 1993 kituo cha kuwasaidia watoto wenye kigugumizi kilifunguliwa London, kikapewa jina lake: Michael Palin Centre. Jukumu la kuchekesha likazaa mahali pa matibabu.

Mchekeshaji anakuwa msafiri

Mwaka 1988 BBC ilimtafuta mtu wa kuizunguka dunia kwa siku 80 bila kupanda ndege, kama katika riwaya ya Jules Verne. Wengine walikuwa wamekataa. Palin alikubali, na alirudi London baada ya siku 79 na saa chache. Sehemu watazamaji waliyoipenda zaidi ilikuwa juma zima ndani ya jahazi, kutoka Dubai hadi Bombay, pamoja na mabaharia Wahindi ambao hawakujua yeye ni nani. Kwa mara ya kwanza kamera ilimwonyesha bila maandishi ya kuchekesha, akiwa mgeni anayehudumiwa na watu maskini kuliko yeye, akiumwa tumbo, akilala juu ya sitaha.

Kipindi hicho kilipoonyeshwa mwaka 1989 kilibadilisha kazi yake. Kikafuata Pole to Pole, kilichoonyeshwa 1992 kwa sehemu nane, halafu safari za nchi zinazozunguka Bahari ya Pasifiki, Sahara mwaka 2002 na Himalaya mwaka 2004. Akawa rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia kuanzia 2009 hadi 2012. Mwaka 2019 alipewa cheo cha Sir. Hakuacha kuigiza: mwaka 2017 alicheza Molotov katika The Death of Stalin, filamu inayochekesha juu ya mambo yasiyochekesha hata kidogo. Mwaka 2018 alionekana Korea Kaskazini, 2022 Iraq, na 2024, akiwa na miaka 80, Nigeria.

Meli ambayo Kalemie inaifahamu

Liemba, meli iliyombeba Palin, si ngeni kwa historia yetu. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa ndani ya masanduku 5.000 hadi Kigoma, na kuelea ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Ilikuwa meli ya vita ya Wajerumani, nayo ilitisha ziwa lote.

Jibu lilitoka upande wetu. Mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilipitishwa Katanga kwa reli, kwa barabara na kwa mto Lualaba, hadi Lukuga, mahali ambapo leo ni Kalemie. Zilishushwa majini mwezi wa Desemba 1915. Siku moja baada ya Noeli zikakamata meli ya Wajerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 zikazamisha Hedwig von Wissmann. Mwaka huo huo ndege za Wabelgiji ziliruka kutoka Mtoa, kaskazini ya Kalemie, kwenda kuipiga Kigoma kwa mabomu. Mwezi wa Julai Wajerumani waliizamisha wenyewe Graf von Götzen. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Palin alipoipanda mwaka 1991, Zaire ilikuwa inawaka. Mwezi wa Septemba wanajeshi wasiolipwa walipora Kinshasa, na mwezi wa Oktoba uporaji ulifika Lubumbashi. Miaka sita baadaye, mwaka 1997, Liemba ilibeba habari yetu kwa njia nyingine: Umoja wa Mataifa uliitumia kurudisha wakimbizi zaidi ya 75.000 kutoka Kigoma hadi Uvira, katika safari 22. Mama aliyerudi nyumbani ndani ya meli hiyo na watoto wake hakuwa na kamera ya BBC mbele yake. Hadithi yake ipo, lakini iko mdomoni. Akiondoka, inaondoka naye.

Mufwankolo, mkubwa wetu

Je, sisi hatukuwa na wachekeshaji wetu wa skrini? Tulikuwa nao. Katika Katanga ya zamani, ambayo sisi wa Tanganyika tulikuwa ndani yake hadi mgawanyo wa majimbo wa 2015, jina la Mufwankolo lilijulikana katika kila nyumba yenye redio. Kyembe Kaswili, aliyechukua jina hilo jukwaani, aliongoza kikundi cha Lubumbashi kilichocheza kwa Kiswahili chetu cha Katanga, jukwaani, redioni na katika televisheni. Walicheza mambo ya nyumbani: mume mlevi, mke mjanja, chifu mwenye tamaa.

Namna yao ya kutunga ilikuwa tofauti na ya Palin na Jones. Wale Waingereza waliandika kila neno. Kikundi cha Mufwankolo kilizungumza kwanza juu ya hadithi, kikagawana nafasi, kikafanya majaribio, na maneno yakazaliwa mdomoni mwa waigizaji. Mwaka 1986 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, Johannes Fabian, aliuliza kikundi hicho maana ya usemi mmoja juu ya madaraka, kwamba madaraka huliwa mazima. Badala ya kumjibu kwa maelezo tu, walitengeneza mchezo mzima. Fabian alirekodi mazungumzo, majaribio na mchezo wenyewe, akavichapisha katika kitabu mwaka 1990, Kiswahili cha waigizaji kikiwa kimeandikwa kama walivyosema.

Hapo pana jambo la kufikiri. Maneno ya Python yapo kwa sababu waandishi waliyashika kwa mkataba na kwa kanda. Maneno ya mchezo ule wa Mufwankolo yapo kwa sababu mgeni alikuja na kinasa sauti. Kazi nzuri haitoshi kujilinda yenyewe.

Kicheko ni cha nani?

Jirani zetu wa Tanzania wanalijua swali hili. Amri Athuman, mzaliwa wa Tanga aliyejulikana kama King Majuto, alichekesha Afrika Mashariki yote, na filamu zake ziliuzwa hata katika masoko yetu. Alipofariki Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 2018, watu wengi walilia. Miezi michache kabla, akiwa mgonjwa, habari ya mikataba yake ya matangazo ilikuwa imefika hadi kwa waziri wa habari na sanaa, na serikali ikaanza kuuliza wasanii wanalipwa vipi. Swali lilikuja akiwa tayari kitandani.

Hapa Kongo sheria ipo. Amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, na shirika la SOCODA lilichukua nafasi ya SONECA ya zamani katika kusimamia haki hizo. Lakini kijana wa Kalemie anayecheza kichekesho na wenzake wanne mara nyingi hana hata karatasi moja. Nani aliandika? Nani alishika kamera? Duka likitaka kutumia video kwa matangazo, nani anasema ndiyo, na pesa inagawanywa vipi? Siku kikundi kinapovunjika, jina linabaki kwa nani? Wakati kazi bado haina faida, maswali haya yanaonekana ya ugomvi. Faida ikifika, yanakuwa ugomvi kweli.

Maisha ya Palin hayaonyeshi kwamba Mwingereza ana akili kuliko sisi. Yeye pia alipoteza kazi yake ya mwanzo kwenye kanda zilizofutwa. Tofauti ni kwamba yeye na wenzake walijifunza mapema mambo matatu ambayo hayahitaji BBC. La kwanza, kuandika: Palin ameweka kitabu cha kumbukumbu za kila siku tangu 1969, na vitabu hivyo baadaye vilichapishwa na kununuliwa. La pili, kukubaliana kwa karatasi wakati bado ni marafiki. La tatu, kutunza nakala, maana telefone huibwa, akaunti hufungwa, na kanda hufutwa.

Karatasi hiyo haihitaji avoka wa Kinshasa. Ukurasa mmoja wenye majina, tarehe, kazi ya kila mtu na mgao wa pesa, ukitiwa sahihi na wote na kila mmoja akabaki na nakala, ni mwanzo mzuri. Video ya asili ikihifadhiwa mahali pawili tofauti, pasipo maandishi wala muziki juu yake, kikundi kina kitu cha kuonyesha siku mtu mwingine atakapoidai kuwa yake.

Mwaka 1991 hadithi ya ziwa hili ilihitaji meli, wapiga picha wa London na pesa nyingi. Leo inahitaji telefone, marafiki wachache na subira. Milima ambayo kamera za Palin ziliiona kwa mbali ndiyo tunayoamka nayo kila siku. Vichekesho vyake tayari vimeanza kutengenezwa hapa Kalemie, kwa Kiswahili chetu. Kilichobaki ni watengenezaji wake kuandika majina yao chini yake kabla mtu mwingine hajaandika la kwake.